Safu ya Lugha: Kuhitimu si kufaulu

Kadi za mwaliko zimeanza tena kutuambia kwamba kijana fulani "amehitimu mtihani" wa kidato cha nne. Jamani, mtihani hauhitimiwi! Mtu huhitimu masomo, mafunzo au jando, lakini hufaulu mtihani. Hitimu tumeipata katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutia muhuri na kumaliza. Watoto wa chuoni walihitimu waliposoma Kurani hadi mwisho, na hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ni ndugu ya neno hilohilo. Kuhitimu, basi, ni kufika mwisho. Hakusemi lolote kuhusu alama.

Kufuzu, yaani kufaulu, nako kumetoka katika Kiarabu, kwenye neno la ushindi. Ndiyo maana magazeti yaliandika kwamba Taifa Stars imefuzu AFCON ya 2019, baada ya kuikosa tangu 1980. Hakuna aliyeandika "imehitimu", na walikuwa sahihi.

Tofauti hii ina faida yake wakati wa kupongezana. Mahafali ya kidato cha nne hapa Tanzania kwa kawaida hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba, na matokeo hutoka mwaka unaofuata. Ukumbini mwambie mwanao, "Hongera kwa kuhitimu," maana miaka minne ameimaliza kweli. Matokeo yakija mazuri, mwongezee: "Hongera kwa kufaulu." Hata wa chekechea anahitimu, na keki yake ni halali.