Maji laini, meno ya kahawia

Tangu nilipokuja Dar kusoma nimeulizwa mara nyingi, "Wewe ni wa Arusha, eh?" Anayeuliza hajasikia lafudhi yangu. Ameona meno. Wapole huishia hapo, wengine huendelea kuuliza kama navuta sigara, au kama kwetu mswaki haujafika. Chuoni nilijifunza kucheka huku nimefumba mdomo, na hata leo nikimhoji mtu kwa ajili ya gazeti najikuta nimeweka mkono mdomoni kama nimebanwa na jino. Basi leo nataka niandike habari za meno haya, maana historia yake ni ndefu kuliko umri wangu na shuleni hakuna aliyetuambia.

Tuanze na sabuni. Kuna sehemu za nchi hii ukichota maji ya kisima, sabuni inagoma kabisa. Unasugua, unasugua, povu hakuna, na sufuria inaota ukoko mweupe ndani. Hayo ndiyo maji magumu, yamejaa kalsiamu na magnesi. Sisi wa chini ya Mlima Meru hatuna shida hiyo. Maji yetu ni laini, sabuni kidogo tu povu limejaa beseni. Yanatoka mlimani, ni baridi na yana ladha nzuri. Nani angeyashuku?

Mtego uko hapo hapo kwenye ulaini. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floridi, na maji yakipita humo huyabeba. Kama maji yangekuwa na kalsiamu nyingi, floridi ingeshikana nayo, sehemu kubwa ikageuka jiwe na kubaki ardhini. Lakini maji ya kwetu yana kalsiamu kidogo na sodiamu nyingi, kwa hiyo floridi inabaki imeyeyuka mpaka kwenye kikombe. Yaani kile kilichowafanya mama zetu wayasifu maji wakati wa kufua ndicho kilichoacha floridi ipite.

Wazee walikuwa na utaratibu wao wa kupima maji, na ripoti zao bado tunazitamka kila siku. Ngarenaro, mtaa wa mjini, kwa Kimaasai ni maji meusi. Ngarenanyuki ni maji mekundu. Maji ya Chai haihitaji mkalimani. Majina yote hayo yanataja rangi! Floridi haina rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna mzee ambaye angeweza kuipa mto jina lake.

Na hiyo Ngarenanyuki ndiyo ile ile ambayo mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuidai. Kila nikisoma kisa hicho nafikiria kwamba watu walipigania ardhi ile kwa haki kabisa, na ardhi yenyewe ilikuwa inawaumiza mifupa polepole bila mtu kujua.

Huko duniani kitendawili hiki kilianza kuandikwa mwaka 1901, wakati boma la Wajerumani pale Arusha lilikuwa bado jipya. Mwaka huo daktari mmoja wa Kimarekani, Eager, aliandika kuhusu meno meusi ya wahamiaji kutoka maeneo ya Naples, Italia. Angalia, nako ni nchi ya volkano. Mwaka huo huo daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika miaka 30. Jibu lilipatikana mwaka 1931 pale mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipoyapima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floridi. Kwa hiyo sayansi ilikuwa inajua miaka 30 kamili kabla ya uhuru wetu.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi mwaka 1974 tulijiwekea kiwango cha muda cha maji ya vijijini: miligramu 8. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikatulia kidogo. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Ukitumia 1.5, vyanzo vingi sana kuzunguka Meru ungelazimika kuvifunga, na watu wakanywe nini? Kipindupindu kinaua ndani ya siku moja, floridi inachukua miaka. Hesabu hiyo naielewa. Ninachoshindwa kumeza ni kwamba "muda" ule ulirefuka, kiwango kikateremshwa hadi 4 na kukaa hapo miaka mingi kabla ya kufika 1.5, na sisi watoto tukaambiwa tupige mswaki vizuri.

Mswaki hausaidii, jamani. Doa linaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, kabla ya mtoto kufikisha miaka minane hivi. Kuchemsha maji ndiyo kabisa, maana maji yanapungua na floridi inabaki. Na magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo yana floridi yake. Palipozidi sana haiishii kwenye meno, kuna watoto wenye miguu iliyopinda.

Dawa ipo, na imetengenezwa hapo hapo nyumbani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yakipita kwenye ndoo yenye mkaa huo, mifupa inainasa floridi kama ambavyo mifupa yetu ingeinasa. Tatizo ni kwamba ukiuchoma vibaya maji yananuka, na baada ya muda mkaa unachoka, unatakiwa mwingine. Kwa upande wa mjini kuna mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao ulichimba visima vipya mbali na vile vya zamani.

Dada yangu anaishi nje ya mtandao huo, upande wa mlimani. Maji ya kunywa ananunua dukani, ya kupikia anakinga bomba la kijiji. Nilipokwenda likizo mwanawe alikuwa ameota meno mawili ya mbele, yale ya ukubwani. Nilimpeleka mlangoni kwenye mwanga nikamwambia afungue mdomo. Yana mistari meupe, kama ya chaki. Kahawia bado.