Liemba: Chuma Chakavu au Urithi?

Sisi wa Mpanda tukisikia habari za hazina zilizozama, hudhani ni mambo ya pwani. Kumbe Ziwa Tanganyika, lililo magharibi mwetu, nalo limepata kuficha ya kwake.

Mwaka 1913 meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuja kuungwa upya Kigoma. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kwanza, lakini, walizipaka injini zake grisi nzito, wakitumaini kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mtu wa hesabu huiona meli kuukuu inayokula fedha kwa matengenezo. Mpenda historia angependa iwekwe makumbusho, isiguswe. Nawauliza wote wawili: na mwenye magunia ya dagaa pale Ikola je? Kwake yeye, na kwa wenzake wa Karema, ambako mitumbwi iliifuata majini na abiria na mizigo, Liemba ilikuwa ndiyo barabara. Iliposimama mwishoni mwa miaka ya 2010, wao ndio waliopata hasara.

Kwa hiyo mkataba wa kuikarabati, uliotiwa sahihi mwaka 2023, naupokea kwa furaha. Wale waliopaka grisi walijua kwamba chombo huhifadhiwa ili kije kifanye kazi tena.