Nani wa kuzima mashine? (Msongo wa mama, sehemu ya 5)

Mama, leo nakuletea historia kidogo. Kuna swali ninaloulizwa kliniki karibu kila siku: "Nesi, nitapumzika saa ngapi na kazi zote hizi?" Swali hilo lilishaulizwa kiwandani miaka 100 iliyopita. Soma taratibu, hata kama mtoto ananyonya.

Mwaka 1923, katika mji wa Philadelphia, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha nguo ambacho idara yake ya kusokota nyuzi ilikuwa haikaliki. Ili kubaki na watu 40 hivi kazini, ilibidi waajiriwe kama 100 kwa mwaka. Bonasi ziliahidiwa, wapi! Akaitwa mtafiti mmoja, Elton Mayo, mzaliwa wa Australia. Akakuta watu wanatembea kutwa mbele ya mashine, huku na kule, wakiunga nyuzi zinazokatika. Miguu inauma. Wenzako wapo lakini huwezi kuzungumza nao. Kichwani yanazunguka mawazo yale yale mabaya, asubuhi mpaka jioni.

Unaijua hali hiyo, si ndiyo?

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba timu ya Mayo ilikuwa na nesi. Alifungua chumba kidogo cha matibabu pale kiwandani. Watu wakaja na maumivu ya hapa na pale, kumbe walitaka mtu wa kuwasikiliza. Mengi yalijulikana kupitia kwake.

Dawa iliyotolewa ilikuwa mapumziko ya dakika 10, mara 4 kwa siku, na mtu ajilaze kabisa. Watu wakachangamka, kazi ikapanda. Kisha ikaja oda ya haraka. Msimamizi akaona hakuna muda wa kulala, akafuta mapumziko. Haikuchukua siku nyingi, kazi ikaporomoka. Ndipo mkuu wa kiwanda mwenyewe akaamuru mashine zizimwe, watu wote wajilaze, kuanzia msimamizi kwenda chini. Kazi ikapanda tena.

Yule msimamizi, mama, mara nyingi ni wewe mwenyewe. Siku mtoto ana homa, wageni wako njiani na nguo zimejaa beseni, cha kwanza kufutwa ni kile kikao chako cha dakika tano.

Mfano wa pili ni wa wanawake. Mwaka 1927, kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kiliweka wasichana wachache katika chumba chao, wakiunganisha vifaa vya simu huku kazi yao ikihesabiwa. Walijaribiwa mapumziko ya kila namna. Mawili ya dakika tano, wakayapenda. Ya dakika 10, wakayapenda zaidi. Sita ya dakika tano, wakalalamika kwamba yanawakatakata kazi. Pia ilionekana wengine hufika bila kifungua kinywa cha maana, basi wakapewa chakula kidogo asubuhi. (Chai ya rangi tupu mpaka saa saba mchana, tena unanyonyesha? Tutagombana.) Wasomi wanabishana hadi leo ni nini hasa kilichopandisha kazi pale, maana na malipo yalibadilishwa. Lakini wale wasichana waliulizwa wanataka nini. Mama wa nyumbani nani humuuliza?

Kwa hiyo chagua mapumziko mawili, usiyakatekate. Mlaze mtoto mahali salama, kaa au jilaze, vuta pumzi taratibu. Simu iweke mbali. Kuperuzi si kupumzika, kichwa bado kinaendesha mashine. Na wewe baba unayesoma, au bibi, au wifi: mchukue mtoto, nenda naye nje, mwache mama. Usimwite kuuliza chumvi iko wapi.

Dakika 10 hazitibu kila kitu, jamani. Kama umejifungua na machozi au huzuni vimepita wiki mbili, au hulali hata mtoto akilala, njoo kliniki, useme wazi. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akusindikize hospitali leo hii.