Walioachwa Nje ya Miwani

Hadithi hii naianza na tangazo. Mwezi Mei 2015 kampuni ya Oculus ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu miwani yake ya Rift iliyokuwa njiani kuja madukani, ile unayovaa usoni ukajiona umo katika dunia nyingine iliyotengenezwa na kompyuta. Taarifa ilieleza kompyuta ya nguvu gani ingetakiwa. Halafu, katikati ya maneno mengine, ikasema kazi ya kuiandalia Linux na Mac imesimamishwa, nguvu zote zinakwenda Windows. Itaendelea lini? Tarehe haikutajwa.

Mimi ni mtu wa Linux, nasema mapema ili unipime vizuri. Sikuichagua kwa falsafa. Niliikuta ndani ya kompyuta ya mtumba isiyoweza kubeba kitu kingine, nikaizoea kama mtu anavyozoea chumba cha kupanga. Miwani hiyo ya uhalisia pepe nimeivaa mara moja tu, dakika chache, nikatoka nikiyumba kama mlevi. Kwa hiyo siandiki kama fundi. Nataka tu kujua nani alifanya nini pale wakubwa walipofunga duka.

Hebu turudi nyuma kidogo. Agosti 2012 kijana wa California, Palmer Luckey, pamoja na wenzake waliomba michango ya watu kupitia Kickstarter ili watengeneze miwani ya majaribio. Waliomba dola 250,000. Wakapata karibu milioni 2.4, kutoka kwa watu zaidi ya 9,500. Miwani ilianza kuwafikia wachangaji 2013, na programu za kuitumia zilipatikana hata kwa Linux. Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni kwa dola bilioni 2 hivi. Sisemi ndiyo iliyoifukuza Linux. Watumiaji wetu ni wachache kweli, na mfanyabiashara huhesabu vichwa. Lakini aliyechanga 2012 akiwa na Linux mezani, 2015 hakuwa na cha kudai. Alitoa mchango, hakununua hisa.

Sasa, mbona watu wasingejiandikia programu yao tu? Shida yenyewe ni kwamba miwani haisemi lugha ya kila kompyuta. Inamwaga namba kwenye waya wa USB, mamia ya mara kwa sekunde, na bila programu ya kuzitafsiri ni kelele tupu. Asiye na kamusi hukaa chini akasikiliza. Geuza miwani kushoto, tazama namba ipi imebadilika. Inamisha, tazama tena. Andika. Rudia usiku kucha.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa imeanza hata kabla ya tangazo. Mradi wa OpenHMD, ambao Fredrik Hultin alikuwa mmoja wa waandishi wake wa mwanzo, ulikusanya tafsiri za miwani ya makampuni mbalimbali mahali pamoja, kwa programu huria: yeyote asome, abadilishe, agawe. Kichwa kikigeuka, OpenHMD iliweza kujua. Kilichowatesa ni hatua. Ukisogea mbele na dunia ikasogea pamoja nawe badala ya kubaki pale pale, tumbo hukataa, na hilo halina mjadala.

Rift ya madukani, iliyotoka 2016, ilitatua jambo hilo kwa ujanja ninaoupenda. Juu ya miwani zimetapakaa taa ndogo za mwanga usioonekana kwa macho, na kamera imesimama mezani ikizitazama. Kila taa hung'aa na kufifia kwa mpangilio wake, kama mgeni anayejulikana kwa jinsi anavyobisha hodi. Kompyuta ikizitambua taa kadhaa, na ikijua kila moja imepachikwa wapi, inapiga hesabu miwani iko umbali gani na imeinama vipi. Ndani ya Windows hesabu hiyo ilikuwa siri ya kampuni. Jan Schmidt, mwanaprogramu aliyejulikana kwa kazi yake kwenye GStreamer, programu ya video, aliibeba ndani ya OpenHMD: kutambua taa, kulinganisha, kukadiria, kusahihisha. Kufikia 2021 Linux ilikuwa inaifuata Rift na vishikio vyake vya mkononi chumbani. Ilitetemeka, ndiyo. Mara nyingine mkono uliruka ukaenda usikotumwa. Lakini ilifuata, na msimbo wake ulikuwa wazi mtu wa pili auchukue pale wa kwanza alipochoka.

Kulikuwa na kero nyingine ya kuchekesha. Ukichomeka miwani, Linux ilidhani umeongeza skrini ya mezani, ikaitandazia madirisha yako. Unavaa ukitegemea dunia mpya, unakuta nusu ya barua uliyokuwa unaandika, imekatika katikati, moja kwa kila jicho! Keith Packard, mzee wa michoro ya Linux, alipewa kazi hiyo na kampuni ya Valve. Dawa yake ilifanana na upangaji wa nyumba: mwenye skrini zote anakodisha moja kwa programu ya miwani, na mpangaji akishaingia mwenye nyumba hagusi chumba. Mpango huo uliingia katika kiini cha Linux toleo la 4.15, Januari 2018.

Valve wenyewe walikuwa wameleta SteamVR kwa Linux kwa majaribio Februari 2017. Ilisaidia sana, ila msimbo wake umefungwa. Kufunguliwa mlango na mtu mwingine siyo sawa na kuwa na ufunguo. Sisi tunaochapa kurasa zetu wenyewe kwa wino wa kuungaunga tunalijua hilo bila kufundishwa.

Mwaka 2019 ndio ninaouona mkubwa kuliko yote. Machi, kampuni ya Collabora ya Uingereza ilitangaza Monado, programu huria ya kuendesha miwani, ambayo Jakob Bornecrantz ni mmoja wa wasanifu wake. Julai, kundi la Khronos likatoa OpenXR 1.0, makubaliano ya namna mchezo unavyozungumza na miwani yoyote. Kabla yake, mtunzi wa mchezo aliandika upya kwa kila kampuni. Baada yake anaandika mara moja, na hana haja ya kujua kama upande wa pili yuko tajiri au yuko Monado. Monado ilianza ikitegemea tafsiri za OpenHMD, jasho lile la usiku, kisha ikaongeza zake.

Nisikudanganye, siyo kila kitu kimenyooka. OpenHMD yenyewe imepoa. Ukitaka kutumia Monado leo bado unahitaji subira, na mwenzako wa Windows atakucheka akiwa ameshaanza kucheza.

Ila mcheko huo sasa una doa. Mwaka 2017 Acer, Dell, HP, Lenovo na Samsung walitengeneza miwani ya mfumo wa Microsoft ulioitwa Windows Mixed Reality. Haihitaji kamera ya mezani. Kamera ziko kwenye miwani yenyewe, zinatazama chumba. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuuacha mfumo huo. Oktoba 2024 likatoka toleo la 24H2 la Windows 11, na programu ya miwani hiyo haimo. Kioo kizima, lenzi nzima, waya mzima.

Katika Monado tafsiri ya miwani hiyo imo. Hata kufuata hatua kwa kamera kumo, kwa msaada wa programu nyingine huria iitwayo Basalt. Anayekataa kuitupa anaichomeka kwenye kompyuta ya Linux, anasubiri kidogo, anaivaa. Anasogea hatua moja mbele. Dunia inabaki pale pale.