Saba Saba ni ya Nani?

Kila ifikapo 7 Julai sisi tulio ughaibuni hupeana salamu za Saba Saba, na salamu hizo huzua ukimya wa ajabu. Mtanzania anakumbuka maonyesho ya biashara pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam: mabanda, vumbi, na kipaza sauti kikitangaza mtoto aliyepotea. Mkenya aliyekaa naye meza moja anakumbuka mabomu ya machozi.

Tarehe 7 Julai 1954, mjini Dar es Salaam, chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU, rais wake akiwa Julius Nyerere, mwalimu aliyerejea kutoka Edinburgh mwaka 1952. Miaka saba baadaye Tanganyika ikawa huru. Kwa maoni yetu, silaha kubwa ya TANU ilikuwa lugha. Makabila yalizidi mia moja, lakini msemaji aliweza kutoka Lindi hadi Tabora akihutubia kwa Kiswahili kilekile.

Kenya mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku hiyohiyo ya 7 Julai, kudai vyama vingi. Walikamatwa siku tatu kabla, wakawekwa kizuizini bila mashtaka. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Polisi wakawatawanya, ghasia zikaenea hadi miji mingine, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na afya yake haikurudi tena hadi alipofariki mwaka 2018. Na Saba Saba ya 2025 polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi, na watu wakauawa tena.

Sisi wahandisi hatupendi kitu kibebeshwe mzigo kupita uwezo wake, lakini tarehe hii inaongezewa tu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika 7 Julai 2000. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tangu 2022 tunaisherehekea kwa ngoma, mashairi ya watoto na pilau.

Kamukunji haitajwi kwenye sherehe hizo, ingawa Wakenya wamejaa ukumbini. Tunapendekeza mwaka ujao, kabla ya chakula, mmoja wa wazee wetu waliokuwa Nairobi siku ile apewe dakika kumi aeleze aliyoyaona, kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Pilau itasubiri.