Alama Juu ya Herufi na Upana Wake

Mwandishi ashikapo kalamu haoni taabu kuvika herufi kofia. Akitaka kistari kifunike herufi moja, hukivuta kifupi. Akitaka kifunike tatu, hukivuta kirefu. Mpiga chapa wa zamani hakuwa na uhuru huo. Alama zake zilikuwa vipande vya risasi vilivyokwisha kuundwa, na upana wa kila kimoja uliamuliwa na mtu wa mbali asiyejua kitakachoandikwa. Jambo hili huonekana dogo, nalo kwa kawaida limeachiwa mafundi. Walakini limeamua mengi ambayo wataalamu waliweza au walishindwa kuyasema kwa chapa. Na mfano wa kwanza tunaupata Kibosho.

Watu wa Kibosho, katika miteremko ya Kilimanjaro, husema Kiwoso, mojawapo ya lugha za Kichaga, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutenga maana. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo mwaka 1893, na mwaka uo huo Walutheri wa Leipzig walifika Machame. Wageni waliotaka kuandika lugha kama hizi walikuwa na kielelezo kilichotolewa na Richard Lepsius mwaka 1855: herufi za Kirumi zibaki chache, na sauti zilizozidi zionyeshwe kwa nukta na vistari juu na chini yake. Mpango huo ulipendeza akilini. Kwenye chapa ulikuwa mzigo, kwa sababu kila herufi pamoja na alama yake ilihitaji kipande chake, na alama mbili zilipopandana juu ya herufi moja, ile ya juu iligusana na mstari uliotangulia au ikavunjika.

Ndiyo maana taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipotoa upya mwongozo wake wa maandishi mwaka 1930, ilipendelea herufi mpya kuliko alama za juu. Alama hizo jicho huzipita, mkono huzisahau, na mpiga chapa huona gharama. Mwaka uo huo Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliundwa, na Kiswahili sanifu kikatoka karibu bila alama yoyote, isipokuwa ile inayotenga ng'oa na ngoa. Kiswahili hakikudhurika, maana hakina toni. Kiwoso hakina bahati hiyo. Maneno yake yakichapwa bila alama, msomaji huachiwa akisie sauti kwa kufuata maana ya sentensi nzima.

Katika hesabu hata kukisia hakufai. Tuseme mkulima wa Kibosho ameuza kahawa mara mbili: kwanza kilo 20 kwa shilingi 2,000 kila kilo, kisha kilo 40 kwa shilingi 4,000. Bei tuiite x, na uzito y. Kistari juu ya herufi maana yake ni wastani. Kikiwekwa kimoja juu ya x na kingine juu ya y, tunazidisha wastani wa bei, 3,000, kwa wastani wa uzito, 30, tukapata 90,000. Kikivutwa kimoja kirefu juu ya xy, tunatafuta wastani wa mapato yenyewe, yaani wa 40,000 na 160,000, nao ni 100,000. Herufi ni zile zile na mpangilio ni ule ule. Shilingi 10,000 zimekaa katika urefu wa kistari.

Ubaoni, katika shule ya Umbwe au nyingineyo, mwalimu wa vekta huvuta mshale wake mpaka ufunike herufi zote mbili. Alipokuwa akitayarisha mtihani kwa taipureta, alama ya mashine ilikuwa na upana mmoja tu, basi mshale ulichorwa kwa mkono kwenye stensili. Kiwandani kistari kirefu kiliwezekana, kwa kukata ukanda mwembamba wa madini na kuulaza juu ya herufi. Kofia haikatiki hivyo. Kwa hiyo fomula ndefu iliwekwa katika mabano, na kofia ikapachikwa juu, upande wa kulia.

Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipoona kurasa za majaribio za kitabu chake, hakuridhika na chapa yake. Akaanza kuunda programu ya TeX, iliyotumika mara ya kwanza mwaka 1978. Humo kistari hunyoshwa kadiri ya fomula. Kofia ya kawaida hubaki na upana mmoja, ikipandishwa kwa urefu wa herufi na kusogezwa kufuata mwinamo wake. Kofia pana ilichorwa katika vipimo vitatu, na programu huchagua kile kikubwa kisichozidi fomula. Baada ya kipimo cha tatu haikui tena. Kwa hiyo hata kompyuta ilirithi kitu katika sanduku la risasi, ingawa herufi zilizobuniwa baadaye zimeongeza vipimo.

Basi anayerekebisha ukubwa wa alama hana budi kuanza na swali la maana: alama hii inafunika nini? Ikiwa ni ya herufi moja, ibaki nyembamba hata juu ya m, isije ikadhaniwa kuwa ni ya herufi mbili. Ikiwa ni ya fomula nzima na kofia haitoshi, mabano ni ya kweli kuliko kofia iliyokaa katikati, ikiacha pembe zote mbili wazi.

Nayo hoja ya mwaka 1930 imepoteza nguvu zake. Mwanafunzi wa Kibosho mwenye kompyuta leo aweza kuweka alama ya toni juu ya irabu yoyote ya Kiwoso, na alama ya pili juu ya ile ya kwanza, bila kuagiza kipande chochote Ulaya. Tukiendelea kuichapa lugha hiyo bila alama zake, hatutaweza tena kumlaumu mpiga chapa.