Nani Mwenye Vyombo? Habari za Gitaa Zito katika Muziki wa Dansi

Watu wa Dar es Salaam wakizungumza habari za muziki wa dansi, aghalabu huzungumza habari za waimbaji. Watabishana hadi usiku wa manane kama Msondo ni zaidi ya Sikinde, au Sikinde ni zaidi ya Msondo. Mimi nataka kuzungumzia kitu ambacho shabiki hakitazami: gitaa zito, yaani gitaa la besi, pamoja na amplifaya yake, spika yake, nyuzi zake na waya zake. Nina sababu mbili. Kwanza, nilikuwa nikilipiga kwa ridhaa siku za mwisho wa juma, katika miaka yangu ya ualimu. Pili, naamini kuwa mtu akifuata njia ya chombo hiki kimoja ataielewa historia ya muziki wetu kuliko akifuata majina ya nyota. Historia hiyo ina swali moja ambalo halijaisha mpaka leo: nani mwenye vyombo?

Kariakoo, ambako muziki huu ulikulia, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mpiga besi jina hilo ni stahili yake. Mwimbaji huja ukumbini mikono mitupu, na mpiga tarumbeta huja na kisanduku kimoja. Mpiga besi ni mpagazi. Spika yake haipandi daladala, na katika mitaa yetu imesafiri zaidi kwa mkokoteni, imefunikwa turubai, kijana mmoja akivuta mbele na mwingine akisukuma nyuma.

Bendi za dansi ni za zamani katika mji huu. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Katika zama zile za mwanzo watu walicheza bila kutegemea umeme, na kazi ya sauti nzito, pale ilipokuwapo, ilifanywa na ngoma au na fidla kubwa inayosimamishwa, yenye kimo cha mtu mzima. Gitaa la besi kama tunavyolijua leo lilitoka Marekani mwaka 1951, pale Leo Fender wa California alipouza gitaa lake aliloliita Precision Bass. Maana ya jina hilo ni usahihi. Shingo ya gitaa lile ilikuwa na vigawanyo vya chuma, hivyo mpigaji aliweka kidole na sauti ikatoka sahihi, bila kubahatisha kama ilivyokuwa katika fidla kubwa. Aidha, mtu mmoja aliweza kulibeba begani. Lakini lilikuja na sharti: bila umeme na amplifaya halisikiki hata chumba cha pili. Hapo ndipo gharama ilipoingia katika muziki wa dansi, na pamoja na gharama akaingia mwenye vyombo.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani mazoea ya kufundisha hayaniachi. Waya mnene kabisa wa gitaa zito ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Wimbi la ile sauti ya chini lina urefu wa mita nane hivi, na kulisukuma hewani kunahitaji spika pana na nguvu nyingi. Tena sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Halizisikii kwa wepesi kama linavyosikia sauti za kati. Ndiyo maana gitaa la solo linaweza kutosheka na amplifaya ndogo, ilhali la besi katika ukumbi uleule linadai yenye nguvu mara kadhaa. Na kuongeza wati maradufu hakufanyi sauti iwe maradufu, bali huiongeza kidogo tu. Kwa hiyo katika kila bendi chombo cha besi ndicho kizito zaidi, ndicho ghali zaidi, na ndicho ambacho mpigaji wake ana uwezekano mdogo kabisa wa kukimiliki.

Sasa turudi kwenye historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bendi kama Kilwa Jazz na Western Jazz zilikuwa na sura ya vyama vya watu wa jamaa na jimbo moja, waliokutana mjini na kuchangishana. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakawa watu wa mshahara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mtindo huo ulienea. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na polisi na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Shirika lilinunua vyombo na mwanamuziki aliajiriwa kuvipiga, kama dereva anavyoendesha lori la kampuni.

Tusiudharau mpango huo. Ulimpa mpiga gitaa mshahara wa kila mwezi na heshima ya kuitwa mfanyakazi, jambo ambalo wazazi wetu hawakulitarajia kwa mtu aliyekuwa akiitwa mhuni. Lakini ulikuwa na pingu zake. Mwaka 1978 ilipoanzishwa Mlimani Park Orchestra, Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walitoka JUWATA, ambalo ndilo lilikuwa jina jipya la NUTA, wakajiunga nayo. Waliweza kuhama kwa sababu mali yao ilikuwa kooni. Mpiga besi akihama huacha nyuma gitaa, amplifaya na spika, na huko aendako hana budi kukuta vyombo vingine vya mtu mwingine. Mlimani yenyewe ilikwenda mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983, na ukumbi wa DDC pale Mtaa wa Msimbazi ukawa nyumbani kwa Sikinde.

Kwa bendi za watu binafsi jambo lilikuwa wazi zaidi. Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Fikiri, msomaji: nyimbo ni za Remmy, sauti ni ya Remmy, lakini jina juu ya ngoma ni la mwenye vyombo. Orchestra Safari Sound nayo ilikuwa mali ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Waliojaribu njia nyingine ni Orchestra Maquis, waliotoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao wanamuziki wake waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO.

Sisi wa ridhaa tulikuwa chini ya hao wote. Tulikuwa walimu watano na karani mmoja, tukipiga katika harusi za Ilala na Kariakoo kwa vyombo vya kukodi. Nakumbuka harusi moja ambapo mwenye vyombo, ambaye hapana haja ya kumtaja, aliona saa alizolipwa zimetimia. Bibi harusi alikuwa bado katikati ya ukumbi na shangazi zake wakimtuza. Bwana yule alipanda jukwaani, akachomoa plagi, akaanza kuviringisha waya. Hatukuwa na neno la kumwambia, maana vilikuwa vyake. Usiku ule nilielewa kuwa ufundi wa vidole bila chombo ni kama mkulima hodari asiye na jembe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 hata wenye vyombo walipata taabu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979 ilikula fedha za kigeni, na nchi isiyo na fedha za kununulia dawa haiwezi kuagiza nyuzi za gitaa. Hapo ndipo waya wa breki ya baiskeli ulipoingia katika muziki wa dansi. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini jambo lenyewe lina elimu ndani yake. Gitaa la umeme halisikii sauti ya hewa. Sumaku iliyo chini ya nyuzi husikia chuma kinachotikisika. Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ungekuwa bubu juu ya gitaa lile, lakini waya wa breki, kwa kuwa ni chuma kilichosokotwa, hutoa sauti. Ubaya wake ni kwamba hukwangua vigawanyo vya shingo na kuchubua vidole, na haushiki sauti yake kwa muda mrefu.

Aliyekuwa na nyuzi halisi alizitunza kama vikombe vya wageni. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na mkono una jasho, na viwili hivyo hufanya nyuzi za besi zizibe uchafu na kutoa sauti ya kamba. Dawa ilikuwa kuzifungua, kuzichemsha katika sufuria ya maji kwa dakika chache, kuzikausha vizuri na kuzirudisha. Zilifufuka kwa wiki kadhaa. Hazikuwa mpya, lakini zilipiga.

Mafundi redio wa Kariakoo ndio walioubeba muziki huu katika miaka ile, ingawa majina yao hayamo katika nyimbo. Fundi aliweza kuvaa upya karatasi ya spika iliyopasuka kwa gundi na subira, na kulehemu waya uliokatika ndani ya plagi. Walitufundisha kutowasha amplifaya ya taa bila kuiunganisha na spika, kwani transfoma yake huungua. Walitufundisha pia hesabu ya omu: spika mbili za omu nane zikiunganishwa sambamba huwa omu nne, na spika nne huwa omu mbili. Amplifaya iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni omu nne ukiitwisha mbili, utanusa moshi kabla chemko halijafika.

Lililo kubwa kuliko yote ni shoti. Kumbi nyingi hazikuwa na waya wa ardhi. Mpigaji ameshika nyuzi za chuma kwa mkono, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aitikie kiitikio, na umeme unapita katikati yake. Wengine walirushwa, na duniani wako wanamuziki waliokufa kwa namna hiyo. Mtu anayesema kuwa waya wa ardhi ni anasa hajasimama juu ya jukwaa la saruji lililoloa mvua ya masika.

Kuanzia mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kushika urais mwaka 1985, maduka yalianza kujaa. Nyuzi zikapatikana. Lakini ruhusa hiyohiyo ilikuja na mambo mengine. Mashirika ya umma yalianza kuyumba, na bendi zilizokuwa zikiishi kwa vyombo vyao zikayumba nayo. Kinanda cha umeme kikaweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto, kisha kompyuta ikaweza kuipiga bila mkono. Kizazi cha Bongo Fleva kilianza na studio, hakikuanza na jukwaa. Simlaumu kijana wa leo anayekwenda kuimba harusini na muziki wake mfukoni. Amekwepa pingu iliyotubana sisi. Swali ni kama hakuingia katika pingu nyingine, maana mwenye studio naye ni mwenye vyombo.

Kwa hiyo kwa kijana anayetaka kupiga gitaa zito kwa ridhaa, nina wosia mfupi. Anza na gitaa la bei ya wastani lenye shingo iliyonyooka. Litazame kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Usinunue gitaa la fahari ukakosa fedha za amplifaya. Nunua spika utakayoweza kuinua na mwenzako mmoja, kwani usiyoweza kuinua utaiacha nyumbani. Kuwa na waya wa akiba, fyuzi za akiba na seti ya nyuzi iliyofungwa. Kabla ya kuchomeka chochote ukumbini, muulize fundi umeme habari za waya wa ardhi, wala usione haya. Na mkiwa kikundi, changeni kidogo kidogo mnunue vyombo kwa jina la kikundi, muandike katika daftari nani ametoa nini, na nini kitafanyika mmoja akiondoka. Bendi nyingi nilizoziona zikifa hazikuuawa na ukosefu wa nyimbo. Ziliuawa na ugomvi wa mali ambayo haikuandikwa popote.

Zile redio ndogo tulizosikilizia Radio Tanzania hazikuwa na spika ya kutoa mitetemo 41. Kwa hesabu za kitabu, waliokuwa kijijini hawakupaswa kuisikia besi ya wimbo wowote. Hata hivyo waliisikia na wakaicheza, kwa sababu sikio la mtu likipata sauti za juu zilizozaliwa na ile ya chini, huijaza lenyewe ile ya chini isiyokuwapo. Ndivyo ilivyo kwa wapiga gitaa zito wa mji huu, pamoja na mafundi na wasukuma mikokoteni wao. Hawakutajwa sana, lakini mtu aliyecheza dansi alizitegemea kazi zao katika kila hatua aliyopiga. Haki yao ni kutajwa, na haki ya wanaokuja baada yao ni kumiliki jembe wanalolimia.